Mstari wa Accra Mlangoni Kwako

Baba,

Nakuandikia nikiwa karakanani kwako Mwisenge, nimekalia kile kigoda chenye mguu mmoja mfupi ambacho wewe, fundi mzima, hukuwahi kukitengeneza. Mlango uko mbele yangu. Kaka Magesa ameagiza mlango wa chuma, maana siku hizi vyuma vimejaa mjini, na Jumamosi huu wako wa mninga unang'olewa. Usishtuke. Nimeuomba, naupeleka nyumbani kwangu Butiama, ninakofundisha. Ila kuna mstari mmoja humu ambao ni lazima tuuzungumzie kwanza.

Nimeusoma wote asubuhi hii, kuanzia juu. Kila mwaka ikiisha fainali ya klabu bingwa Afrika ulichukua patasi ukachonga, bingwa kwanza, aliyeshindwa chini yake. Hukuchonga majina ya timu, ulichonga miji, kwa sababu ulisema timu inaweza kubadilisha jina lakini mji hauhami. Conakry ipo mara tatu kama bingwa. Algiers ipo, wale waliofungwa tatu Conakry, wakazirudisha zote tatu kwao na kubeba kombe kwa penalti. Hadithi hiyo uliisimulia mpaka mama akawa anaimalizia mwenyewe jikoni. Cairo na Kumasi wamefuatana, mwaka mmoja huyu, mwaka wa pili yule. Na Kampala, majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa. Walipopigwa sita kule Tunis ulichonga umenuna, na herufi zimekwenda upande. Ilikuwa fainali yako ya mwisho. Ile ya Casablanca nimeichonga mimi, na naona si mbaya.

Watu wa mtaa walikuwa wakibishana kuhusu mpira, mmoja anasema, "Twende mlangoni kwa fundi." Wakifika wanasoma, ubishi unaisha, mnacheka. Ndiyo maana mstari wa Accra umeninyima raha miaka yote hii.

Mwaka ule vita ilikuwa imekwisha na madukani hakuna kitu. Sabuni ya foleni, sukari ya foleni, na betri za redio zilikuwa zinatafutwa kama dawa. Fainali ilikuwa Accra na Douala. Mechi ya kwanza uliisikiliza mwenyewe, Accra wakashinda moja bila kwao. Kabla ya marudiano ukatakiwa Bugwema kupanda pamba. Ukanikabidhi redio mbele ya wanaume wote waliokaa hapa, mimi mtoto wa kike wa darasa la sita. Mmoja akasema redio siyo sufuria. Ukamjibu bila hata kumtazama: "Huyu ndiye masikio yangu. Atakachosema ndicho nitakachochonga."

Nilitembea mtaani kwa maringo wiki nzima. Na wiki nzima, Baba, nilisikiliza nyimbo za salamu. Nilipika nazo, nilifua nazo. Siku ya mechi redio ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Nilizianika betri juani juu ya bati, nikaziuma kwa meno kama nilivyokuona ukifanya, nikazibadilisha nafasi. Kimya. Basi nikajiambia kwamba Accra walishashinda ile ya kwanza, na aliyetangulia ndiye mwenye kombe. Uliporudi na tope la Bugwema miguuni ukaniuliza, nikasema Accra. Ukachonga jioni ileile, watu wakishuhudia.

Siku tatu baadaye akaja Mzee Mafuru, rafiki yako wa Bunda, yule wa kiwanda cha kuchambua pamba. Pale kiwandani walikuwa na umeme wa jenereta na redio kubwa, akawa ameisikia mechi yote. Akausoma mlango akacheka: Douala walirudisha bao, wakachukua kombe kwa penalti. Wewe ukasema, "Mwanangu amesikia kwa masikio yake." Akasema mtoto amekosea. Ukasema tena vilevile, kwa sauti ya juu. Mzee Mafuru akavaa kofia yake akaondoka, na hakukanyaga tena Mwisenge mpaka siku ya kukuzika.

Mimi nilikuwa nyuma ya zile mbao zilizoegemezwa ukutani. Nilisikia kila neno na sikutoka. Rafiki yako wa tangu ujana ulimpoteza kwa ajili ya neno langu, na neno lenyewe la uongo. Siku ya msiba alikaa peke yake kule karibu na ua, akalia hadi watu wakasema majuto hayo. Nilitaka kumfuata, nikajipa kazi ya kugawa chai.

Tangu mwaka ule, kila fainali, kabla hujagusa patasi, ulikuwa unaniuliza swali moja: "Umesikia au umekisia?" Najibu, "Nimesikia, Baba." Unakaa kidogo ukinitazama, halafu ndipo unachonga. Nikadhani ni ukali wako wa kazi tu. Na ni kweli nilikuwa nimesikia. Nyimbo za salamu niliziacha kabisa.

Sasa nikupe habari. Ile nafasi uliyoiacha chini ya mlango, upana wa kiganja, ukasema hapa ni pa Tanzania, mwaka huu imepata wenyewe. Siyo kombe la mabingwa, ni jingine la Afrika, lakini fainali ni fainali: Dar na Abidjan. Kule Abidjan tulitoka sare, bila bila. Mwisenge haikukalika. Kaka Magesa akaniletea patasi palepale: "Chonga Dar, hapa nyumbani Abidjan watatokea wapi?" Nikamtazama nikajiona mwenyewe na betri zangu mdomoni. Nikamwambia hakuna anayechonga kitu mpaka marudiano. Wakaniita mkosi.

Siku hizi betri ziko kila kibanda. Nilitia mpya na nyingine nikaziweka mfukoni, nikakaa hapa na mtaa mzima. Abidjan wakafunga la kwanza, wakafunga la pili, pale Dar, mbele ya watu wetu. Wanaume wazima waliondoka bila kuaga. Nililia, Baba, ila nadhani sikulilia mpira. Kesho yake nikapanda basi kwenda Bunda.

Nilimkuta Mzee Mafuru barazani kwake anapukuchua mahindi. Nilimwambia yote nikiwa bado nimesimama. Akaniacha nimalize, akanisogezea kiti. "Mwanangu, hiyo mbona tuliijuaga zamani," akasema. "Baba yako alinifuataga hapahapa wiki ileile. Akaenda kiwandani, akauliza watu, wakamwambia ni Douala. Akasema, 'Mafuru, nikifuta sasa hivi wale wanaume hawatamwacha mtoto wangu apumue. Wewe nikasirikie tu mbele ya watu.' Nikamkasirikia. Tulikuwaga tunakutana hapa kila siku ya mnada, tunakula sato wetu, tunacheka."

Kumbe ndizo zile safari zako za kutafuta mbegu Bunda, ulizokuwa ukirudi mikono mitupu.

Nilikasirika, nisikufiche. Wazee wazima wawili mnacheza mchezo, mimi nabeba mzigo tangu darasa la sita mpaka nawafundisha watoto wa wenzangu darasa la sita. Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akaokota hindi jingine. "Alikuwa anakusubiri. Alisema, siku atakapokuja mwenyewe, tutachonga Douala pamoja. Kila mwaka alikuwaga anakuuliza. Hakukuuliza?"

Uliniuliza. Mara kumi na zaidi uliniuliza, na mimi nikajibu swali la mwaka huo tu.

Leo Mzee Mafuru amekuja. Ameingia karakanani kwa fimbo, amekagua mbao zako kama ananunua, amemwambia Kaka Magesa randa zimeshika kutu. Yeye ameushika mlango usitikisike, mimi nimechonga. Accra sikuifuta. Pembeni yake nimechonga DOUALA, na herufi ya pili imekwenda upande, utaiona. Chini nimeweka ABIDJAN, na chini yake DAR, maana ndiyo haki yake. Imebaki nafasi ya vidole viwili.

Nenda salama, Baba. Mzee Mafuru nitakuwa nampitia kila likizo, nimemwahidi sato. Mlango wako utasimama Butiama, na wanafunzi wangu watakuja kuumaliza ubishi wao hapo. Na hiyo nafasi ya vidole viwili naahidi haitachongwa mpaka timu ya kwetu ishinde fainali mpaka mwisho wa marudiano, na mimi niwe nimeisikia mwenyewe.

Lile swali lako sasa nalijibu. Ile ya Accra sikusikia, Baba. Nilikisia.

Mwanao,
Nyabise