Mtoto Aliyemtangulia Baba Yake Kuzaliwa

Nachingwea, Jimbo la Kusini
Jumanne, wakati wa kuvuna ufuta

Mke wangu mpenzi, Mama Elinami,

Nakusalimu kwa upendo ambao karatasi hii haiutoshi. Hujambo? Mguu wa mama umepona, au bado anaficha maumivu ili aende shambani? Na Elinami wetu, bado anakataa uji usio na maziwa? Mimi ni mzima. Homa niliyokuandikia imekwisha, na ugali wa muhogo nimeuzoea. Ninachokosa ni milima tu. Nikitoka asubuhi natazama upande wa Upare kana kwamba nitaiona, na ninachoona ni nchi tambarare na matrekta ya mashamba ya karanga yamesimama kwenye nyasi.

Barua yako ilifika Jumatano iliyopita kwa lori la posta. Nimeisoma mara nyingi. Lakini kuna jambo lilinipata siku ile ile, nami lazima nikuambie, maana tangu tuoane sijawahi kukuficha kitu, hata kama siku hizi kukuambia kunachukua wiki tatu.

Unajua nafundisha hesabu darasa la saba. Mwaka huu tumeanza aljebra, hesabu ambayo herufi inakaa mahali pa namba usiyoijua, mpaka uitafute uipate. Watoto wanaipenda kuliko nilivyotazamia. Wengi wanatembea kutoka vijijini, kwa hiyo nawapa kazi ya nyumbani mapema, waifanye kabla jua halijazama. Kitabu ni cha Kiingereza. Swali likiwa la maneno nalitafsiri ubaoni ili lisiwashinde kwa lugha.

Jumatano ile nilikuwa naandika swali la mwisho nikasikia lori linaingia. Karani akapita dirishani akiwa na bahasha mkononi, nikaujua mwandiko wako. Nikamaliza upesi, nikawaruhusu watoto, nikakimbilia barua. Swali nililowaachia lilikuwa hili: "Umri wa baba ni mara tatu ya umri wa mtoto wake. Baada ya miaka kumi na miwili, umri wa baba utakuwa mara nne ya umri wa mtoto. Mtoto ana miaka mingapi?" Jaribu mwenyewe, mama, kabla hujaendelea kusoma. Darasa la nne lako halikuwa la mchezo.

Alhamisi nikakusanya madaftari. Wengi hawakuandika kitu. Wengine walibahatisha. Nikafika kwenye daftari la Asumini, binti kutoka kijiji cha Nambambo, mmoja wa wasichana watatu tu darasani. Mtoto huyu ni mkimya, anakaa karibu na mlango, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Alikuwa ameandika kwamba mtoto ana miaka thelathini na sita chini ya sifuri. Halafu chini yake: "Mtoto hajazaliwa. Baba yake naye hajazaliwa. Tena mtoto atazaliwa kabla ya baba yake."

Nikasoma kwa sauti. Darasa likaangua kicheko, nami nikaona nimefanyiwa mzaha.

"Asumini, unanichezea?"

Akasimama. "Hapana, mwalimu. Ndivyo ilivyotoka."

"Ilivyotoka wapi? Wewe umeona wapi mtoto akamzaa baba?"

"Sijaona, mwalimu. Lakini hesabu inasema hivyo."

Neno lile likanichoma. Nikamwambia achukue vitu vyake aende kwao, asirudi bila baba yake. Hakulia. Alifunga daftari lake kwenye kitambaa, akatoka.

Basi nikachukua chaki niwaonyeshe wengine jibu sahihi, ambalo lilikuwa nyuma ya kitabu, kumi na mbili. Nikaandika hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikatoka thelathini na sita chini ya sifuri. Nikarudia, ikatoka vile vile. Nikafungua kitabu. Kitabu kilisema mara mbili. Mimi, kwa haraka ya barua yako, niliandika mara nne. Yule binti alikuwa amefanya sawasawa kila hatua ya swali bovu, na ujinga aliouandika ulikuwa wangu.

Sasa nitakuambia jambo ninaloliona aibu zaidi. Nilifuta ubao. Nikasema, "Tutaendelea kesho," na nikawapa kusoma jiografia.

Ijumaa Asumini hakuja. Jumamosi asubuhi nikamweleza mwenzangu, Mwalimu Saidi, ambaye ni mwenyeji wa Ruangwa na anajua Kimwera, lugha ya wenyeji wa huku. Hakunicheka. Akasema, "Ndugu yangu, huku kwetu msichana wa umri ule ukimrudisha nyumbani, hujamrudisha nyumbani. Umemwozesha. Baba yake alisita tangu mwanzo kumleta shule. Mpe sababu moja tu, inamtosha."

Mama Elinami, nilimwona Elinami mbele yangu amefunga daftari lake kwenye kitambaa. Tukachukua baiskeli mbili tukaenda Nambambo.

Tulimkuta baba yake, Bwana Issa, shambani. Ufuta ulikuwa umekatwa, umefungwa mashada na kusimamishwa ukauke, naye alikuwa anayapindua moja moja juu ya jamvi na kuyakung'uta. Asumini alikuwa anampokeza. Aliponiona aliinamisha macho. Baba yake alitukaribisha kwa heshima, lakini hakuacha kazi. Kiswahili anakijua kidogo, kwa hiyo Saidi alikuwa anatusaidia. Nikasema yote, swali, kosa, kicheko, hata ubao nilioufuta.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ulimfukuza mbele ya nani?"

"Mbele ya darasa zima."

"Na msamaha umeuleta huku porini, tuko wanne tu."

Nikachukua shada la ufuta nikaanza kukung'uta, maana kusimama bure kulinishinda. Nilikuwa namwaga nusu nje ya jamvi. Ndipo Asumini akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, swali lenyewe lilikuwaje?"

"Mara mbili," nikasema. "Si mara nne."

Alisimama na shada mikononi, midomo ikichezacheza. "Kumi na mbili," akasema. "Baba ana thelathini na sita." Hakuwa na karatasi wala kalamu.

Bwana Issa akauliza binti yake amesema nini, Saidi akamweleza. Alinitazama, akamtazama binti yake, hakutabasamu. "Nitaona," akasema, akarudi kwenye ufuta wake. Tukaaga.

Jumapili sikusikia vizuri hata mahubiri. Jana, kabla ya kipindi, nilimwambia mwalimu mkuu ninalotaka kufanya. Akasema, "Ukikiri kosa mbele ya watoto, hawatakuamini tena." Nikamjibu kwamba yupo mmoja ambaye tayari haniamini, na ndiye anayejua hesabu kuliko wote.

Nikaingia darasani. Kiti cha karibu na mlango kilikuwa kitupu. Niliandika maswali yote mawili upya, lile bovu na lile zima, nikaanza kueleza. Katikati ya maneno watoto wakageuka. Bwana Issa alikuwa amesimama mlangoni, vumbi mpaka magotini, na Asumini nyuma yake. Sikuacha. Nikasema, "Asumini alikuwa sahihi. Mimi mwalimu wenu nilikosa, kisha nikamwonea, kisha nikaficha. Asumini, mwanangu, nisamehe."

Hakuna aliyecheka. Bwana Issa alimgeukia binti yake akasema neno moja fupi la Kimwera, akaondoka bila kuniaga. Nikamuuliza mtoto wa mbele, "Amesema nini?"

"Amemwambia, 'Kaa.'"

Akakaa. Nami nikageukia ubao nikawa nafuta mahali palipokwisha futika, ili wasinione uso.

Leo nimewapa maswali matano ya nyumbani. Kabla sijaweka chaki chini, mikono mitatu ilikuwa juu, wakiuliza kama nina hakika nimenakili vizuri. Mkono wa kwanza ulikuwa wake. Nikafungua kitabu tukayahakiki pamoja, moja moja.

Nisalimie mama, mwambie shamba halitakimbia, mguu kwanza. Nisalimie kaka yako seremala, na mjomba mzee wa kanisa. Jirani yetu anayekusaidia kuchanja kuni mpe shukrani zangu za dhati. Mwalimu wa Elinami naye umsalimu kwa heshima zote. Na Elinami mwenyewe, akikuletea jibu la ajabu, usimwambie amekosa. Muulize kwanza amelipataje, kisha umsikilize mpaka mwisho.

Ni mimi mumeo, ninayekuwaza kila siku,
Elieza