Neno la Kwanza Lilikuwa Samahani

Jumapili, 2 Machi

Sikuwa bubu. Sijawahi kuwa bubu hata siku moja. Nimeliandika hili hapa kwa sababu sina pengine pa kuliweka. Hata na Mama mdogo hatujaliongea wazi, tunalizunguka tu kama dimbwi la maji mlangoni.

Ilikuwa hivi. Jana Mama mdogo alinibembeleza nimsindikize kwa Mwalimu. Zamani huyu Mwalimu alikuwa anafundisha watu kuendesha gari. Siku moja akaamka, akasema ameonyeshwa njia nyingine, akafunga ofisi ya udereva na kukodi ule ukumbi wa sherehe nyuma ya gereji. Hakuna aliyemtuma, na yeye mwenyewe hasemi ametumwa. Kila Jumamosi mchana anakaa kwenye kiti cha bwana harusi — mapambo hayakutolewa, maua ya plastiki yote yapo — anajibu maswali ya watu. Ndoa, kazi, magonjwa.

Mama mdogo alikuwa na swali. Tukapanga foleni. Zamu ilipokaribia akabanwa. Ana sukari, msalani ni kila saa. "Nishikie nafasi, narudi sasa hivi." Hakurudi sasa hivi! Dada wa kipaza sauti akanifikia mimi. Mwalimu akauliza, "Binti, una swali gani?"

Ukumbi mzima ukageuka. Koo likafunga, vilevile kama shuleni nilipoambiwa nisome kwa sauti. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akauliza tena. Nikaonyesha mlango wa nyuma, kwamba mwenye swali yuko kule. Wao wakaona bubu anaongea kwa mikono.

"Huyu amefungwa ulimi," Mwalimu akasema. Kwa upole kabisa. Akashuka, akaniwekea kiganja shingoni. "Sema."

Nilitaka kupita tu nitoke nje. Nikasema, "Samahani."

Kelele zile! Viti vilianguka. Mama mmoja alijitupa chini. Watu wakaninyanyua juu, viatu vikanitoka. Mama mdogo alirudi akifuta mikono kwa leso, akanikuta niko mabegani mwa watu nisiowajua, nalia.

Walidhani ni furaha.

Jumatatu, 3 Machi

Dukani. Duka letu ni la kuchapa, kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Tangu nimalize shule nafanya kazi hapa. Inanifaa, maana wateja wanaonyesha kwa kidole wanachotaka na mimi natikisa kichwa.

Leo hakuna aliyeonyesha kwa kidole. Wote walitaka niongee! Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyeanza.

"Samahani! Hebu njoo utusalimie!"

Ndilo jina langu sasa. Nikamwambia shikamoo.

"Marahaba! Jamani, kumbe ana sauti! Miaka yote nilikuwa naona midomo inacheza tu, nikadhani anatafuna."

Watu wakacheka. Nami nilicheka kidogo, naungama. Fundi ni mtani wetu, kila siku anatuchokoza. Naye ana sukari kama Mama mdogo, ana kidonda kwenye kisigino hakifungi. Yeye anameza vidonge, Mama mdogo anachoma sindano. Huwa wanaulizana asubuhi, "Umekula dawa, mgonjwa mwenzangu?" kama wengine wanavyoulizana habari za nyumbani.

Jioni nikamwambia Mama mdogo, "Mama, tuwaambie watu ukweli."

Akaendelea kupanga karatasi. Kisha akasema amenilea tangu darasa la tatu, mama yangu alipopata kazi ya mbali. Mpaka leo hajawahi kunisikia nikisema neno mbele ya kundi. Hata moja. "Jumamosi ulisema. Sasa unataka niwaambie nini?"

"Kwamba sikuwa bubu."

"Wewe ulikuwa nani basi?"

 

Alhamisi, 6 Machi

Wamekuja watu wa Mwalimu kuchapisha mabango. Kwetu! Picha ni yangu, nikiwa juu ya mabega, mdomo wazi kama samaki. Maneno makubwa mekundu: ALIKUWA BUBU. SASA ANASEMA.

Nani aliyesimamia mashine? Mimi. Karatasi ilikwama mara kwa mara. Kila nikifungua kifuniko nakuta uso wangu umekunjamana kwenye rola, nauvuta taratibu usichanike. Wino mwekundu ulikuwa unaisha, nikaomba Mungu uishe kabisa. Mama mdogo akatikisa chupa, ukatosha.

Sasa niko kwenye nguzo zote mpaka sokoni. Ningeweza kuharibu ile kazi. Kubonyeza kitufe kimoja tu. Kwa nini sikubonyeza?

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nimewekwa kiti cha mbele. Na — niandike kwa haki — Mwalimu si mjinga. Mzee mmoja alilalamika hapati usingizi. Mwalimu akamuuliza simu anailaza wapi. Kifuani. "Basi ilaze kwanza yenyewe huko sebuleni, wewe utafuata." Ukumbi ukacheka, na mzee naye. Mke mmoja akauliza afanye nini, mumewe hamwambii kitu. Mwalimu akasema mtu mkimya hana upungufu wa maneno, ana upungufu wa watu wa kuwaamini nayo. Akaniangalia aliposema. Nikasisimka mwili mzima. Hakuna mtu aliyewahi kunielewa hivyo, na huyu ndiye anayenifanya niwe uongo!

Halafu zamu ya Mama mdogo. Amejifunga kitambaa chake cha njano kichwani. "Mwalimu, hii sindano yangu ya sukari, nitachoma mpaka lini?"

Akamuuliza, "Mama, dereva wa gari lako ni nani? Wewe au sindano?"

"Mimi."

"Basi shika usukani."

Ukumbi ukalipuka. Akanyoosha mkono kwangu. "Mkiona shaka, mtazameni Samahani."

Hakusema aache. Nimeirudia kichwani njia nzima. Hakusema aache. Lakini tulipofika nyumbani Mama mdogo alitoa dawa kwenye friji, akaifunga kwenye mfuko pamoja na sindano, akaipandisha juu ya kabati. Akashuka kwenye kigoda anatabasamu kama msichana.

Nami nilisimama pale nimeshika kigoda kisiteleze.

Jumatatu, 10 Machi

Anakunywa maji. Jagi la dukani, kisha la nyumbani, kisha anataka soda. Anasema ni joto.

Leo amekata picha za pasipoti za mteja, akamkata masikio. Yote mawili! Mikono yake siku zote imenyooka kuliko rula. Mteja akauliza kwa utani kama pasipoti siku hizi hazitaki masikio. Mama mdogo akacheka, akakata nyingine, akapunguza kidevu. Nikamnyang'anya mkasi polepole.

"Macho yana ukungu tu," akasema. "Mwili unajisafisha."

Nikasema, "Choma leo tu, Mama. Leo moja."

Akanishika shavu. "Wewe ndiye ushahidi wangu, halafu wewe ndiye mwenye shaka?"

Fundi viatu alipiga kelele kutoka ng'ambo, "Mgonjwa mwenzangu, umekula dawa?" Naye akajibu kwa sauti, mtaa mzima usikie, "Mimi si mgonjwa tena!"

Fundi alikaa na nyundo hewani. Hakutania. Alianza kukitazama kisigino chake.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda kwa Mwalimu! Peke yangu! Nilimwambia Mama mdogo nakwenda kununua karatasi.

Anaishi chumba kimoja pembeni ya ukumbi. Nilitegemea zulia, sijui kwa nini. Kuna kitanda, jiko la gesi, na usukani wa gari umetundikwa ukutani. Alikuwa anapiga pasi shati lake jeupe. Akaniambia nikae, akaendelea na kola.

Nilikuwa nimeyakariri njiani. Nikayasema yote bila kuvuta pumzi. Kwamba sikuwa bubu, nina aibu tu, na Mama mdogo ameacha sindano kwa sababu yangu, na anakonda, amwambie arudie.

Akaweka pasi chini.

"Umebisha hodi mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Umeingia kwa mtu mzima usiyemzoea, umemsema usoni. Mwezi uliopita ungeweza?"

Nisingeweza. Ndiyo kweli, nisingeweza!

"Sasa nani mwongo hapa?" Wala hakukasirika. Nadhani anaamini. Hilo ndilo linalonitisha. Angekuwa tapeli ningejua pa kushika.

Nikauliza, na sindano?

"Mimi sijawahi kumwambia mtu aache dawa. Waulize wote. Nasema ashike usukani."

"Basi mwambie aichome."

"Nikimwambia aichome, nimeshika usukani mimi." Akarudi kwenye shati. "Jumamosi mama yako atatoa ushuhuda. Nawe utasema machache. Watu wanapenda kukusikia."

Nimetembea barabara nzima bila kuona ninapokanyaga. Nikinyamaza, wataendelea kumwamini. Nikisimama Jumamosi na kupaza sauti kwamba si kweli, watapiga makofi — bubu anahutubia! Kila neno langu ni lake. Hata haya ninayoandika?

Nimesahau karatasi.

Jumatano, 12 Machi

Duka limefunguliwa na mimi. Mama mdogo amelala. Anasema amechoka tu.

Gauni lake la bluu linampwaya begani.

Nimepanga kalamu kwa rangi, nimezipangua, nimepanga tena.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nimekaa sakafuni chumbani kwa Mama mdogo. Amelala, anapumua vizuri. Nasikiliza kila pumzi.

Asubuhi nimepeleka chai, akaitapika. Pumzi yake ina harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi. Midomo mikavu, imepasuka. Nikatafuta kipimo chake cha sukari, nikamtoboa kidole. Akanitazama tu, hata hakuuvuta mkono. Kipimo hakikutoa namba. Kiliandika kwamba sukari iko juu mno.

Nikapanda kigoda, nikashusha mfuko. Akasema, "Rudisha."

Nikasema, "Choma."

"Nimesema rudisha, mwanangu. Jumamosi nina ushuhuda."

"CHOMA!"

Ile haikuwa sauti yangu. Sijui ilitoka wapi. Glasi mezani ililia. Maisha yangu yote sijampigia mtu kelele, achilia mbali yeye. Nikadhani atanipiga kofi. Badala yake akaanza kutabasamu, na machozi yanamtoka.

"Unaona? Umepona kabisa."

Hapo nilitaka kujigonga ukutani. Hata hiki ni muujiza! Nikakaa kitandani. Halafu neno likanijia, sikulifikiria hata kidogo.

"Sawa," nikasema. "Nimepona. Alinifungua ulimi. Basi sauti hii ni ya nani?"

Akafuta machozi kwa ncha ya shuka.

"Si ndiyo ya muujiza? Jumamosi mnalipa nauli kwenda kuisikiliza. Basi isikilize hapa bure. Inasema uchome sindano."

Kisha akacheka — dhaifu, bila nguvu, lakini ni kile kicheko chake cha dukani, mteja akileta picha ya miaka kumi iliyopita na kutaka aifanye mpya. "Mtoto wewe, umetoa wapi ujanja huu?" Akafunua tumbo. "Lete. Mikono yangu inatetemeka, ishike wewe, mimi nasukuma."

Tukaichoma pamoja. Dawa ilikaa kwenye joto juu ya kabati, sijui kama bado ina nguvu, kwa hiyo nikamwambia tunakwenda zahanati leo hii, si kesho. Akakubali. Nimepiga simu, dereva wa teksi yuko njiani.

Ila alinishika mkono kwanza. "Usimwambie mtu. Nimeshatangaza mtaa mzima. Nitachoma kimya kimya, nitakuwa nachoma kila siku, nakuahidi. Lakini Jumamosi niache niseme nilivyosema. Nitaweka wapi uso wangu?"

Nikasema sawa. Nilikuwa na furaha mno, ningekubali chochote. Siri yangu na siri yake, ziko kwenye chumba kimoja, hakuna atakayeumia. Ndivyo nilivyowaza.

Kuna mtu anabisha hodi. Si teksi, sikusikia gari.

"Hodi! Samahani! Mko?"

Fundi viatu. Nimechungulia pazia. Anachechemea, ameegemea fimbo ya ufagio, kisigino kimefungwa kitambaa na nzi wanakifuata. Mkononi ana mfuko wa vidonge vyake, umejaa. Havijaguswa.

"Mwambie mama yako simchoshi," anasema kupitia mlango. Hatanii hata kidogo. "Nataka anieleze tu yeye aliachaje. Siku za mwanzo alifanyaje? Mimi naona kama nazidiwa."

Mama mdogo amefumbua macho. Amesikia. Ameweka kidole mdomoni, ananitazama.

Koo langu liko wazi. Ajabu, liko wazi kabisa.

Daftari, nilichokuambia leo kikae humu. Usimwambie mtu, tafadhali. Angalau mpaka nifike mlangoni.