Binti wa Kuwaliza Wafadhili

Dada yangu mpenzi,

Huku hatujambo. Goti la Mama limepoa, kwa hiyo amerudia kugombana na jirani. Bomba la jikoni bado linavuja.

Ila kazini mambo yamenielemea. Unajua nilivyohangaikia bweni la wasichana tangu niwe mlezi wa wanafunzi hapa chuoni. Safari hii Makamu Mkuu wa Chuo alikubali kuliingiza kwenye mpango wa ujenzi, mradi nimlete binti mmoja yatima, anayelala ukumbi wa mihadhara kwa kukosa bweni, awasimulie wafadhili maisha yake. Akasimulia, wakalia. Baadaye wakaja wengine, akasimulia tena. Nilipomfuata mara ya tatu, aliniuliza kwa upole, "Mama, leo nilie kuanzia wapi?"

Nikamwambia abaki. Nikaenda peke yangu na michoro na takwimu zangu. Wafadhili walinisikiliza kwa adabu, wakatazama saa, wakaaga. Makamu Mkuu akanidaka koridoni.

"Umetuharibia! Bweni nimelitoa. Tunajenga ofisi za utawala."

Dada, nilijifungia chooni nikalia kama mtoto. Sijui kama nilimlinda yule binti au niliwaangusha wenzake wote.

Nimemleta nyumbani, analala chumbani kwako. Jana walibisha hodi wengine wawili na magodoro kichwani, nikawafungulia. Leo nimerudi kutoka kazini nikakuta kibaraza chetu kimejaa wasichana na mabegi yao, na Mama kasimama mlangoni ananitazama. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako, aliyeishiwa maarifa