Nimesema Laini Yetu Bado Imefungwa

Alhamisi. Joto, na mvua inayozunguka Kolwezi bila kunyesha.

Nimemdanganya mama. Sijamwambia mtu yeyote ila hapa mtandaoni, ambapo wanaonisoma ni wachache na hawaijui sura yangu. Nimemwambia kwamba laini yetu bado haijafunguliwa kupiga simu kwa intaneti.

Imefunguliwa.

Zamani kwenye mtandao wetu tuliweza kuandikiana na kutumiana sauti tu. Ukijaribu kupiga, simu ilizunguka weee, halafu ikakata. Sasa kampuni imeruhusu, na mtaa wetu wa Dilala wote umetoka nje. Watu wanasimama barabarani wakichekea simu zao. Wenye pikipiki za taxi-moto wanaongea na dada zao wa Lubumbashi huku abiria wanangoja.

Mimi pia nilifurahi. Siku moja tu.

Kesho yake papa alipiga mchana, mama akiwa sokoni. Papa alivuka kwenda Angola baada ya wachimbaji kufukuzwa kwenye shimo walilokuwa wakichimba shaba hapa kwetu. Kule alikuwa anachomelea milango ya vyuma, na kila mara alituambia amepata nyumba nzuri, twende tuishi naye. Lakini papa amezoea kututumia sauti: unabonyeza alama, unaishikilia, unaongea. Akafanya vilevile, ila kidole chake kilikuwa juu ya alama ya kupiga kwa picha, halafu akaweka simu sikioni. Kwenye kioo nikaona sikio. Sikio kubwa, lenye vumbi. Nikacheka.

Kisha akageuka kidogo. Nyuma ya sikio nikaona watu wamelala kwenye mikeka mchana kweupe, masufuria, mwanamke ananyonyesha juu ya furushi, na ukutani jina la stesheni: Dilolo. Dilolo ni upande wetu wa mpaka.

"Papa, uko wapi?"

"Niko ku kazi, mutoto yangu."

"Papa, mi nakuona."

Aliitoa simu sikioni akaitazama. Sijawahi kuona uso wa papa ukiwa vile. Hapo hakuficha tena. Askari walikuja asubuhi, wakawakusanya Wakongomani wote, hata wenye karatasi, wakawasukuma mpaka mpakani. Mashine yake ya kuchomelea imebaki kule. Nyumba imebaki.

"Usimwambie mama yako. Mi nitavuka tena mbele hajafika kule. Si unanisikia?"

Nikasema ndiyo, papa. Tangu pale simu yake haipatikani.

Jumatatu tunapanda lori la Dilolo, tuvuke kwenda kwa papa: mama, mimi na wadogo zangu. Na kabla ya hapo, Jumamosi, mama anaachia meza yake ya kuuzia unga. Katika soko letu meza haiachwi kimyakimya. Wanawake wa mstari wako wanakusanyika, wanaimba, nawe unamfunga kiunoni kitenge chako yule anayekurithi, mbele ya wote. Ukishakifunga, huwezi kurudi kusema umebadili mawazo. Meza hiyo ndiyo iliyonisomesha hadi mtihani wa serikali. Ndiyo inayotulisha.

Leo sokoni mama alitaka tumpigie papa kwa picha, wenzake wamwone mume anayemngojea. Ndipo nikasema laini bado. Mama Odette, ambaye atairithi meza, akapiga kofi pajani.

"We mutoto, hii ni simu ao ni tofali? Laini yangu ni moja na yenu, na mi naona mukwe yangu mupaka meno!"

"Umuache," mama akasema. "Simu yetu imezeeka sawa na miye."

Wakacheka. Nami nikacheka.

Mimi si mtu wa kuongea. Shuleni nilikuwa najua jibu na bado sikunyosha mkono. Nikimwambia mama, ni kama nimemvua papa nguo mbele ya mke wake. Nisipomwambia, atamfunga Mama Odette kile kitenge akiimba, na mimi nitakuwa pembeni napiga makofi.

Papa anaogopa aibu. Namwelewa. Lakini tukifika Dilolo bila meza na bila nyumba, tutatandika mkeka wetu karibu na wake, na aibu itakuwa palepale.

Kesho asubuhi mama atachekecha unga kabla ya kwenda sokoni. Akichekecha hainui macho. Nitamwambia hapo. Sentensi ya kwanza nimeifanyia mazoezi: "Mama, nilimuona papa." Ya pili sina.

Wewe unayesoma, kama uko Dilala na kama hujakosea kunitambua, tafadhali, usipitie sokoni kesho ukamwambia. Funga mdomo mpaka mimi nifungue wangu. Asiisikie kwa mtu mwingine.