Muti wa Kula Bantu

Kazi Ine, tarehe 8 mwezi wa nane 2024

Nimemaliza kushona ule muti wa kula bantu. Mikono sita — kitenge cha zamani na mifuko ya rafia. Hénoc, kijana wa parokia anayetengeneza filme ya kuogopesha, ameusifu sana. Hadithi yake: arkeologue anachimbua kaburi la mufalme wa zamani, anakuta misalaba ya shaba, halafu muti unatoka ndani na kumukaba. Arkeologue ni Merdi wangu, mutoto wa dada yangu marehemu. Kwa furaha hata sahani ya bukari hamalizi.

Mimi na bamama wa kwaya tumeombea ule muti. Kaburi, hata la muchezo, shetani haombi ruhusa kuingia.

Siku ya Posho, tarehe 10

Kaburi la filme bamechimba Luano, shambani kwa jirani yetu Adalbert. Asubuhi, mbele ya kamera, Merdi alishindwa kulia vizuri. Hénoc mbele ya bote: "Arkeologue, unakabwa ao unatekenywa?" Bantu bakacheka. Merdi naye akacheka, kwa haya.

Kisha chakula, bakarudilia. Muti ukamugusa shingo — kilio cha kweli. Anajikuna, anagaragara, anaita tantine, tantine. Nikajua: shetani wa kaburi. Tukashuka shimoni, mimi na bamama. Tukamukamata miguu na mikono, tukamusugua uso na macho na mikono yetu, tukikemea. "Tantine, acha, inawasha." Nikakaza zaidi: nyamaza, toka ndani yake. Kamera haikusimama.

Halafu mikono yangu ikaanza kuwasha.

Upupu. Hénoc aliupakaa kwenye muti wangu wakati tunakula. Wala hakuficha: "Mama Victorine, si amelia vizuri sasa? Na nyinyi bamama mumecheza kumupita."

Siku ya Mungu, tarehe 11

Sikuenda misa. Jicho la kuume la Merdi limefunga, la kushoto linaona ukungu. Infirmier aliyemutibu amesema upupu ukirudi mule, macho yanakufa. Merdi anauliza tu kama filme imetoka muzuri.

Mungu Baba, nilimukamata kwa jina lako.

Kazi Moja, tarehe 12

Hénoc amefika na pikipiki. Anasema sauti ya maombi iliharibika, tunarudilia yote leo, na bamama.

— Na upupu?

— Kidogo tu, mama. Ao nimuite ule kijana mwingine, Chance? Ule analia bila dawa.

Nimesema Merdi haendi. Mwenyewe amesikia. "Tantine, ukinizuia, sitarudi kulala humu."

Naandika hapa mezani. Inje Hénoc anapiga honi. Merdi amesimama mbele yangu na shati ya kaki ya arkeologue wazi, anapapasa, haoni vifungo.

"Tantine, nifungie."

Kimoja nimeshafunga.