Baba Kukatika Jasho Hemani

Nyumbani kwa Mzee Abdelkader,
Siwa.
Jumanne, 22 Julai.

Mpendwa kaka Mekki,

Assalaam aleikum. Natumai wewe, wifi Nariman na watoto hamjambo huko Iskanderia. Sisi tu hai, alhamdulillahi, na mitende imezaa vizuri. Naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Barua anakuletea Bilali wa jirani, anayepanda basi leo.

Baba ameanza tiba ya mchanga kwa ajili ya magoti, kama ulivyomshauri. Jumapili adhuhuri alifukiwa hadi shingoni kule mlimani Dakrur, kwa binamu yetu Senusi anayefukia wagonjwa kila kiangazi. Robo saa tu, kama kawaida. Hapo sina neno. Kilichonichefua ni hema.

Desturi unaijua: ukitolewa mchangani unaviringishwa blanketi hemani, unanyweshwa uwatu wa moto, na usiguswe na upepo wala maji baridi. Lakini blanketi zile, Mekki, zimekunywa jasho la wanaume wote wa msimu huu na hazijaona sabuni. Mimi nilikuwa nje na chakula cha Baba, harufu ikanifuata huko huko nikatema mate.

Baada ya saa nzima Senusi akatoka akichekelea. Eti jasho la Baba limekatika, maana yake ugonjwa umetoka wote. Wenzake wakampongeza. Nikauliza Baba anasemaje. Akacheka tena: anazungumza na marehemu Mama.

Darasani kila mwaka nawaonyesha wasichana mtungi wa udongo. Maji yanapenya nje, yanakauka, yanageuka mvuke na kuondoka na joto, ndiyo maana ya ndani yanapoa. Ukiufunga mtungi kwa nailoni, haupoi ng'o. Jasho nalo halimpozi mtu kwa kutoka, linampoza kwa kukauka. Ndani ya blanketi lingekauka wapi? Na likikatika huku mwili unawaka, mtu amebakiwa na muda mfupi.

Niliingia hema la wanaume, ndiyo. Wakageuza nyuso, wakakohoa, wakaniona mimi ndiye uchafu mle ndani. Ngozi ya Baba ilikuwa nyekundu, kavu, ya moto kama mkate unaotoka tanurini. Senusi akanishika mkono.

"Utamuua, Zahwa. Baridi itamwingia mifupani."

"Nitolee mkono wako. Mfungue wewe, au nimfungue mimi mbele ya wageni wako."

Nilimfungua mimi. Nikafungua mlango wa hema, nikammwagia ndoo mbili za maji, nikampepea kwa sinia la chakula mpaka mikono ikafa ganzi. Upepo wetu mkavu, ule wanaouogopa, ndio uliomwokoa. Hata hivyo zahanati walimpima wakakuta digrii arobaini na moja.

Sasa mji mzima unasema nimemharibia mzee tiba. Senusi anakunywa chai barazani kwetu kana kwamba si yeye, na Baba anamkaribisha. Kumtazama tu natapika nyongo. Mimi Baba hasemi nami, kwa kuwa nilimwacha uchi mbele za watu.

Tiba ni siku tatu na bado mbili. Jumamosi wanamfukia tena. Daktari amesema moyo wake hautastahimili mara ya pili, Baba akamjibu kwamba mwanawe Mekki ndiye anayejua. Wewe, ambaye hujakanyaga hapa miaka tisa, ulimwambia aende kwa maneno mawili ya simu, ukakata. Nimekukinai nawe pia, kaka, nakwambia waziwazi. Lakini Baba anakusikiliza wewe. Mpigie kabla ya Ijumaa.

Nisalimie wifi na watoto, hasa Yusra na mtihani wake. Shangazi Nafisa anawasalimu. Mungu awape afya na akupe wewe moyo wa kuinua simu.

Baba naye anakusalimu. Leo amevunja kimya chake kunituma nikuandikie hivi: alipokuwa hemani alimwona Mama, na anakushukuru kwa ushauri wako.

Dadako akupendaye, japo leo kwa shida,
Zahwa