Masomo Yangu kwa Sauti ya Bi Rula

Nyumbani, nyuma ya shule,
Jumamosi, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti liwe limeacha kukusumbua kwenye zile ngazi zenu. Mkaza mjomba hajambo? Na wajukuu? Sisi huku tu salama. Presha ya Mama imeshuka. Anakula vizuri na kugombana vizuri, kwa hiyo tunajua amepona.

Barua yako ilinifikia wiki iliyopita. Umeniuliza kama naumwa koo, maana wajukuu wanasema mwalimu wa kwenye masomo ya biolojia amebadilika sauti. Nilicheka, kisha nikakaa chini. Sina ugonjwa wa koo, Mjomba. Sauti waliyoisikia si yangu. Nimeona nikuandikie kwa kalamu, kwa sababu jambo lenyewe halienei kwenye ujumbe wa simu.

Unajua nilivyoanza. Vitabu vyetu ni kimoja kwa wanafunzi sita, na wa mwisho kwenye benchi huwa anasoma kichwa cha mwenzake. Nikagundua tovuti ya walimu inayotoa nafasi bure: unapakia somo, unatunga maswali ya kujipima, na mwanafunzi popote alipo anafungua bila kulipa. Basi kila darasa lilipoisha nilibaki, nachora ubaoni na kueleza, huku simu ikinirekodi. Mvua ikipiga bati, tunaanza upya.

Nasema tunaanza kwa sababu tulikuwa wawili. Aliyeshika simu ni mwalimu wa hesabu, yule wanafunzi wanamwita Bi Rula kwa kupenda mistari iliyonyooka. Tumekaa meza moja miaka kumi na moja. Mimi ndiye niliyemfundisha kufungua hiyo tovuti, tangu hajui hata kupakua picha. Mwaka jana aliniomba neno la siri anisaidie kupanga maswali. Nikamwandikia kwenye kiganja chake, tukacheka kama wasichana.

Mwezi wa pili nikajaribu kuingia, nikaambiwa neno la siri si sahihi. Nikatafuta ukurasa kwa jina lake, haupo. Masomo thelathini na moja, Mjomba! Nilihisi kama nimerudi nyumbani nikakuta kiwanja kitupu. Nikamkimbilia nani? Bi Rula. Akanishika bega, akaniletea chai, akasema, “Pole, dada yangu. Vitu vya bure ndivyo vilivyo, vinafutwa bila taarifa. Usijilaumu.” Nililia mbele yake, naye akanipa leso yake.

Kumbe alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mwezi uliopita tuliitwa semina, walimu wa shule zote za karibu, kwenye ukumbi wa shule ya jirani. Mada ilikuwa namna ya kufundisha kwa nyenzo za bure za mtandaoni. Afisa elimu akamkaribisha mtoa mada, mwalimu mbunifu kuliko wote, akasema. Akasimama Bi Rula. Mimi nilipiga makofi! Nilidhani ametengeneza vyake vya hesabu, akanificha ili anishangaze.

Projekta ikawaka. Somo la moyo. Kwenye ukuta ukatokea mkono unachora kwa chaki, na juu ya kidole gumba kuna kovu la pasi, lile la siku uliyonipeleka zahanati ukinibeba mgongoni. Mkono wangu. Juu yake, sauti ya Bi Rula inaeleza maneno yangu, mpaka na mzaha wangu wa moyo kutokuwa na likizo. Watu wakacheka.

Ningenyamaza, nakuapia. Lakini yeye si mtu wa biolojia, alikuwa amechukua mchoro wangu wa kwanza, ule niliousahihisha baadaye. Damu inayotoka mapafuni nilikuwa nimeipaka bluu badala ya nyekundu. Mwalimu aliyekaa pembeni yangu alikuwa anainakili hivyo hivyo kwenye daftari lake, kesho akawafundishe watoto. Nikasimama.

“Samahani, mchoro una kosa,” nikasema. “Damu ikitoka mapafuni imeshapata hewa safi. Hapo pawe pekundu.”

“Asante kwa mchango, mwalimu,” Bi Rula akajibu bila kunitazama.

Afisa akatabasamu. “Umeliona haraka sana!”

“Nimeliona haraka kwa sababu nilikosea mimi. Huo mkono ni wangu.”

Nikaunyanyua. Mmoja nyuma alicheka, akidhani ni utani. Afisa akakohoa, akasema hayo tutayazungumza baadaye, tuendelee. Tukaendelea. Nilikaa na mkono wangu mapajani kama kitu cha kuazima.

Wakati wa mapumziko nilimkuta kwenye bomba la kunawia. Nilitegemea aombe radhi, au hata akane. Akasema tu, “Kwani si wewe uliyesema ni vya bure, vya kila mtu?” Akakung'uta maji mikononi, akaondoka.

Mjomba, swali hilo lilinikaba siku kadhaa. Kweli nilisema. Lakini hebu fikiria: kitu nilichokuwa nampa kila mtu, yeye peke yake ndiye aliyefanikiwa kukiiba. Angeniomba aweke jina lake chini ya langu, ningeliweka juu. Na ile leso ya machozi je, nayo ilikuwa ya nini?

Mkuu wa shule amenisihi nisiichafue shule. Bi Rula amehamishiwa ofisi ya elimu, anafundisha walimu. Siku anaondoka aliacha karatasi ndani ya droo yangu, neno la siri jipya, bila hata “samahani”. Nilifungua nikakuta masomo yote yapo, jina la ukurasa limebadilishwa, na sauti yangu imefutwa kabisa. Nayarekodi upya moja moja. Nimefika la tano. Waambie wajukuu wavumilie.

Juzi mwalimu mpya wa kemia, binti mpole, aliniomba nimwonyeshe jinsi ya kupakia masomo. Nikakubali, nikamvutia kiti. Nilipofika pa kuandika neno la siri, nikakinga kibodi kwa daftari. Yule binti akageuza uso, akatazama ukutani kwa adabu mpaka nimalize. Niliona haya, Mjomba. Lakini daftari sikuliondoa.

Nisalimie mkaza mjomba, wajukuu wote, na yule jirani yako fundi saa anayeniulizia kila mara. Mama anakusalimu, anasema umepungua kwenye picha. Mungu akupe afya, na akuzungushie watu ambao huna haja ya kuwaficha kitu.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye siku zote,
Mwalimu.